Redio ya Mwaitu, Nyuma ya Mlima Nzaui

Boma letu liko nyuma ya mlima Nzaui, Kaunti ya Makueni, na mlima huo ndio chanzo cha kisa chote. Mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na kijiji chetu kimekaa pale pale ambapo jabali limeyakinga. Ukiwasha redio ya kawaida jikoni unapata stesheni mbili tatu zinazokwaruza. Ukiipeleka chini ya mwembe ulio kona ya shamba unapata Musyi FM vizuri, mradi usisogee. Kwa miaka mingi mama yangu, ambaye sisi watoto tunamwita Mwaitu na wajukuu wanamwita Susu, alisikilizia redio chini ya mwembe huo, akihamisha kiti kila jua lilipomfikia.

Mwaitu hakuzaliwa Makueni. Alitoka Mutomo, Kitui Kusini, ng'ambo ya mto Athi, akaolewa huku akiwa mwalimu kijana wa shule ya msingi. Siku hizi kuna lami kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui mjini na safari si ndefu tena, lakini magoti yake hayaziwezi matatu kila mara. Kwa hiyo Mutomo humjia kwa redio. Watu wa mjini hudhani redio ya Kikamba ni nyimbo na mizaha ya asubuhi. Kwa mtu wa umri wake redio ni matangazo ya vifo: jina la marehemu, majina ya watoto na wakwe, kijiji, kanisa, siku ya mazishi. Yakianza kusomwa huacha alichokuwa akikifanya, hata kama mikono imo ndani ya ungo wa ndengu. Huko ndiko anakojulia nani bado yupo kati ya wale aliochota nao maji utotoni. Baada ya vifo ndipo huja habari za mvua na bei ya ndengu, na siku ikiwa njema hupigwa wimbo wa Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, naye huufuata mpaka mwisho bila kukosa neno.

Ndiyo maana dada yangu, nesi anayeishi Lowell, Massachusetts, aliamua kutuma redio ya intaneti. Lowell ina Wakenya wengi, na yeye husikiliza Musyi FM kwenye simu akitoka zamu ya usiku. Alisema si haki mtu aliye Marekani alisikie tangazo la kifo cha Mutomo, na mama aliye mto mmoja tu kutoka Mutomo asilisikie. Mimi pia naona si haki.

Redio ililetwa Krismasi ndani ya sanduku la mgeni. Ilikuwa nyeusi, yenye kioo kidogo mbele na kitufe kimoja kikubwa cha kuzungusha. Mke wangu, asiyeamini kitu chochote cha umeme kilichovuka bahari, alichukua chaja kwanza akaipeleka mlangoni penye mwanga. Stima ya Marekani ni volti 120, ya kwetu ni 240, na tofauti hiyo imeunguza zawadi nyingi Ukambani. Maandishi ya chaja yalikuwa madogo mno. Mpwa wangu akayapiga picha kwa simu, akaikuza, akasoma: volti 100 hadi 240. Chaja ilikuwa salama. Kilichokosekana ni adapta ya kupokea zile pini mbili bapa ili ziingie kwenye soketi yetu ya matundu matatu, na hiyo haikosekani kwa fundi wa simu, uwe Wote au Emali.

Rauta tulikuwa nayo, ile inayotumia laini ya simu, imekaa juu ya kabati la sebuleni kuelekea dirisha ambalo upande wake ndio wenye mnara. Mpwa akazungusha kitufe, redio ikaorodhesha mitandao iliyoiona, akachagua wetu, kisha akaingiza paswadi. Kazi hiyo inachosha kweli, maana kila herufi hutafutwa kwa kuzungusha, na ukipita unarudi nyuma. Baada ya kitambo Musyi FM ikasikika sebuleni bila mkwaruzo wowote. Mwaitu akataka Mbaitu FM, ikaja. Akauliza kama Idhaa ya Kiswahili ya BBC imo, ile iliyoanza 1957 yeye akiwa angali msichana wa shule, ambayo marehemu baba alikuwa haikosi jioni. Nayo ikaja. Usiku ule majirani walijaa hadi tukaazima viti.

Wengi huiogopa redio ya namna hii wakidhani itamaliza bando. Mke wangu ndiye mweka hazina wa bando nyumbani, akapiga hesabu. Stesheni inayotuma kilobiti 128 kwa sekunde hutumia karibu megabaiti 58 kwa saa. Isikilizwe saa 10 kwa siku, ni kama megabaiti 580, na mwezi mzima ni kama gigabaiti 17. Stesheni ya kilobiti 64 hutumia nusu ya hizo. Akalinganisha na video ambazo vijana wetu hutazama, akatangaza mezani kwamba Susu hana deni na mtu.

Kisha asubuhi moja redio ikanyamaza. Stima ilikuwa imepotea usiku ikarudi kabla ya alfajiri, na Mwaitu alipoiwasha ili asikie matangazo, kioo kikamwambia mtandao haupatikani.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Mwanangu mkubwa alisema bando limeisha. Mke wangu akamwonyesha salio. Shemeji akasema mnara una shida; lakini simu zote sebuleni zilikuwa zikicheza video kupitia rauta ile ile. Jirani akasema mjusi ameingia kwenye rauta kutafuta joto. Hilo hutokea kweli nchi hii, kwa hiyo tukamulika matundu yake kwa tochi, hapakuwa na mjusi. Paswadi ikaandikwa upya na mpwa, kisha na mke wangu, kisha na mpwa tena. Wapo waliomshuku mtoto mdogo kwamba alibonyeza kitu. Mtoto akalia, Mwaitu akamchukua akamweka mapajani na akakataza mtu yeyote kumtajia redio tena.

Jambo moja lilinisumbua tangu mwanzo. Redio ilipotafuta mitandao, iliuona wa duka la jirani. Iliuona wa zahanati iliyo ng'ambo ya barabara. Mpwa alipogeuza simu yake kuwa hotspoti, iliiona simu hiyo mara moja, ikaunganika, ikaimba. Mtandao wetu tu, uliokuwa hatua chache kutoka ilipo, haikuuona. Tuliipandisha kabatini ikagusana na rauta, bado haikuuona. Na simu zetu zote ziliuona bila taabu.

Mtu akitaka kuielewa redio hii sharti ajue kwamba ndani yake hamna stesheni hata moja. Kwanza huomba kuingia kwenye mtandao wa nyumba. Ikikubaliwa, rauta huipa anwani. Kisha hutoka nje kwenda kwa kampuni ya mbali inayotunza orodha ya stesheni za dunia, na orodha ndiyo huielekeza penye mkondo wa Musyi au wa BBC. Kiungo chochote kati ya hivyo kikikatika, mwenye redio husikia kimya kile kile. Mwaka 2021 huduma ya orodha iitwayo Reciva ilifungwa, na redio zilizoitegemea zikapoteza orodha ya stesheni zake. Niliposoma habari hiyo niliingiwa na hofu. Lakini redio ya Mwaitu ilikuwa imekwama mlangoni kabisa, hata haijafika kwenye orodha, na kwa simu ya mpwa iliimba. Kwa hiyo orodha yake ilikuwa hai.

Siku kadhaa baadaye, bila mtu kuigusa, ikaimba yenyewe. Tukashangilia. Stima ikapotea tena, ikarudi, redio ikanyamaza. Nikaifunga kwenye leso nikaipeleka Emali kwa fundi. Fundi akaiunganisha na mtandao wa dukani kwake ikaimba tangu asubuhi hadi nilipoifuata jioni, wateja wakiomba nyimbo. Akaniambia haina ugonjwa, nikamlipa kwa muda wake, nikarudi nayo. Nyumbani ikanyamaza. Fundi mwingine akashauri tununue rauta nyingine. Wa tatu akabonyeza kile kitundu cha nyuma cha kuirudisha rauta kama ilivyotoka kiwandani, tukaweka jina na paswadi upya, na redio ikaimba. Fundi akaondoka na kuku. Iliimba mpaka stima ilipopotea tena.

Katikati ya hayo Mutomo wakamzika rafiki yake wa utotoni. Tangazo lilisomwa asubuhi na jioni, siku zile zile ambazo redio ya sebuleni ilikuwa imenyamaza na mvua imezuia mtu kukaa chini ya mwembe. Familia ya marehemu ilituma ujumbe kwenye namba ambayo Mwaitu aliiacha zamani. Habari zilimfikia kupitia binti mmoja aliyekuja kuuza maembe, akidhani anampa pole kwa jambo analolijua. Mwaitu aliuliza siku. Akaambiwa Ijumaa iliyopita. Hakusema neno, akaingia ndani, na jioni hakula.

Kesho yake alituita sebuleni. "Mwana wakwa," akaniambia, "mmekuwa mkiitengeneza hii redio kwa kubahatisha. Leo hivi, kesho vile. Nileteeni daftari."

Nililitazama daftari lile baadaye kwa makini, nalo nimelihifadhi. Ni la kurasa 96, jalada la kijani. Alipiga mistari kwa rula na kalamu nyekundu, nafasi nne: siku, saa, redio, yaliyotokea. Mwandiko ni wa ubaoni, herufi zimesimama wima. *Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, imenyamaza, stima ilipotea usiku. Jumanne, saa nane, imesema kwa simu ya mjukuu. Jumatano, imenyamaza, hakuna kilichotokea. Alhamisi, radi, stima imepotea mara mbili, imesema.* Na kadhalika, ukurasa baada ya ukurasa, mvua za Novemba zikiendelea kuikata stima na kuirudisha. Kila mtu aliyeigusa rauta, hata kuifuta vumbi, alitakiwa kutoa taarifa kwake, naye akaandika.

Daftari lilipojaa kiasi alimwita mjukuu wake, mpwa wangu yule yule, anayesomea umeme Kitui mjini na alikuwa likizoni. Akamwambia alisome kwa sauti. Tuliposikiliza, mambo mawili yalijitokeza wazi. La kwanza, redio haikuwahi kubadilika katikati ya siku tulivu. Ikiimba huendelea kuimba, ikinyamaza huendelea kunyamaza, mpaka rauta izimike na kuwaka. La pili, kwa simu ya mjukuu haikukosa hata mara moja.

"Basi," Mwaitu akasema, "rauta ikizimika na kuamka kuna kitu inakibadilisha. Kitafute ni nini."

Hilo ndilo swali ambalo mafundi watatu hawakuliuliza. Kijana aliigeuza rauta juu chini, akasoma anwani iliyobandikwa chini yake, akaiandika kwenye simu, ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Akashuka polepole, akimsomea bibi yake kila mstari: jina la mtandao, aina ya ulinzi, masafa, chaneli. Kwenye chaneli palikuwa pameandikwa kwamba rauta ijichagulie yenyewe, na kando yake namba iliyokuwa ikitumika wakati huo: 13. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Susu, hii redio ilinunuliwa Marekani?"

Waifai ya kawaida hutumia masafa ya gigahezi 2.4, na masafa hayo yamegawanywa katika chaneli. Kenya, sawa na Ulaya, rauta ya nyumbani huruhusiwa kutumia chaneli ya 1 hadi 13. Marekani vifaa vya nyumbani hutengenezwa vitumie ya 1 hadi 11. Redio ya dada yangu ilitengenezewa soko la kule, kwa hiyo chaneli ya 12 na ya 13 haizisikilizi kabisa, kwake hazipo. Simu zetu zilinunuliwa hapa, zinaziona zote. Na rauta iliyoachiwa ijichagulie, kila inapowaka husikiliza mitandao ya jirani kisha hukaa panapoonekana patupu. Zahanati ilikuwa kwenye 1, duka kwenye 6. Siku ambayo rauta yetu iliangukia 9 au 11, Mwaitu alisikia Mutomo. Siku ambayo ilikimbilia 12 au 13, mtandao wetu ulitoweka machoni pa redio hata zikigusana. Mtandao wa fundi wa Emali ulikuwa kwenye chaneli za chini. Hotspoti ya kijana nayo pia. Kile kitundu cha nyuma hakikutibu kitu. Kiliiwasha rauta upya tu, na mara hiyo bahati ikawa upande wetu.

Mwaitu alimtaka aeleze mara ya pili, kisha akasema, "Kumbe ni mtoto aliyefundishwa kuhesabu hadi 11, nanyi mkamtuma nyumba ya 13."

Dawa yenyewe ilimalizika upesi. Kijana aliondoa ule uhuru wa rauta kujichagulia, akaifunga kwenye chaneli ya 11. Chaneli za 1, 6 na 11 haziingiliani, na mbili zilikuwa tayari na wenyewe. Kwa kuwa alikuwa humo ndani alitazama mengine mawili ambayo huzibia redio za aina hii njia. Rauta za sasa hurusha mitandao miwili, wa gigahezi 2.4 na wa gigahezi 5, mara nyingi kwa jina moja, na redio nyingi husikia ule wa kwanza tu. Akayatenganisha majina ili tujue redio iko wapi. Pia alihakikisha ulinzi wa paswadi ni ule wa WPA2, maana ulio mpya zaidi, WPA3, redio za zamani hazijui kuufungua. Hapo mtandao wetu ukatokea kwenye kioo.

Sisi tulikuwa tayari kupiga makofi. Mwaitu akakataa. Akaamuru swichi kubwa izimwe na kuwashwa, akaandika. Ikazimwa tena, akaandika. Kila mara redio ilijitafutia mtandao, ikaupata, ikaendelea na kipindi. Hata hivyo hakusema imepona. Alisema kujizimia wenyewe si sawa na stima kupotea usiku kwa radi, na mpaka hilo lipite atakuwa anaiita mgonjwa. Nilivutiwa sana na msimamo huo. Mimi, mke wangu na mafundi tulikuwa tumeshangilia kila ilipoimba. Yeye peke yake ndiye aliyetofautisha kuimba na kupona.

Radi ilikuja baada ya siku chache, stima ikapotea tangu magharibi mpaka usiku wa manane. Alfajiri nilimsikia akitembea sebuleni, kisha sauti ya mtangazaji ikafuata. Kwenye daftari aliandika neno moja, *imepona*, akalipigia mstari chini mara mbili.

Mke wangu ameongeza lake: amenunua betri ndogo ya kuiweka rauta hai stima inapopotea, kwa sababu matangazo ya jioni huangukia saa zile zile ambazo stima hupenda kutoweka. Redio yenyewe hutegemea chaja ya stima tu, kwa hiyo gizani Mwaitu husikiliza kwa simu ya mjukuu akiwepo. Hilo bado hatujalimaliza, na dada yangu anatafuta betri inayoiingia.

Mapema mwaka huu lilisomwa tangazo kutoka Ikutha: mwalimu mwenzake wa zamani, ambaye walifundisha pamoja shule moja kabla ya Mwaitu kuolewa. Alilisikia asubuhi, akalithibitisha jioni, na safari hii magoti hayakuulizwa. Tulipanda matatu hadi Kibwezi, tukavuka Athi, tukafika kabla ya ibada. Baada ya mazishi wanawake wa rika lake walimzunguka wakitaka kujua amesikiaje akiwa nyuma ya Nzaui, na alipowaeleza, wengi walisema nao wana watoto Marekani na wataomba redio kama hiyo. Mwaitu alifungua mkoba, akatoa daftari la kijani, akachana karatasi za nyuma na kuwaandikia mmoja mmoja, kwa Kikamba na kwa herufi za ubaoni: chaja isome hadi 240, na rauta ya nyumbani isiruhusiwe kupita 11.